Jinsi ya Kumtafutia Kijana Shule ya Mkataba Yenye Njia Mbadala ya Sekondari Nchini Marekani

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zile zilizotoka Kongo zikapitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, hufika Marekani zikiwa na kijana wa miaka 16 au 17 ambaye masomo yake yalikatika njiani. Kijana huyo akiwekwa darasa la 9 huona aibu kukaa na wadogo zake, na akiwekwa darasa la umri wake huachwa nyuma tangu wiki ya kwanza. Shule za mkataba, ambazo huko huitwa chata, ni mojawapo ya mahali ambapo mzazi anaweza kumpatia nafasi inayomfaa, mradi ajue cha kuuliza kabla ya kutia saini.

Shule ya mkataba ni shule ya umma. Haitozi ada, inaendeshwa kwa fedha za serikali, lakini inasimamiwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba wenye muda maalumu, ambao unaweza kufutwa shule ikishindwa kutimiza ilichoahidi. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokwisha kuacha masomo. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wazazi hudhani kuwa njia mbadala, yaani kumaliza sekondari nje ya mpangilio wa kawaida, ni adhabu ya watoto watukutu, ilhali shule hizi zilianza kwa kuwahudumia vijana waliokatiziwa masomo.

Anza na karatasi. Kusanya bulletini, ripoti za mihula, vyeti vya mitihani na barua yoyote ya shule ya kambini, hata kama ina doa au imechanika, kisha uombe zitafsiriwe na zitathminiwe rasmi. Sekondari ya Marekani huhesabiwa kwa krediti: kila somo lililokamilika lina thamani yake, na diploma hutolewa idadi inayotakiwa na jimbo inapofikiwa. Minnesota, kwa mfano, inataka krediti 21.5, na Texas inataka zisizopungua 22. Kijana aliyesoma hisabati, biolojia na Kifaransa miaka miwili huko alikotoka anaweza kustahili krediti kadhaa, lakini asiyewasilisha karatasi huanzishwa sifuri. Kwa hiyo omba jibu la maandishi linaloonyesha ni krediti ngapi zimekubaliwa na ngapi zimebaki, na usiridhike na maneno ya mdomo.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni hili: mwisho wa programu, kijana atapata cheti gani? Ziko programu zinazotoa diploma kamili ya sekondari, na ziko zinazomwandaa mwanafunzi kwa GED tu, yaani mtihani ambao anayeufaulu hupata cheti kinachochukua nafasi ya diploma. GED ina karatasi nne, yaani hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na hufanywa kwa Kiingereza au Kihispania. Haipo kwa Kiswahili wala Kifaransa. Cheti chake ni halali na hufungua mlango wa vyuo vingi, lakini kwa kijana ambaye bado anajifunza Kiingereza, kumsukuma huko mapema ni kumnyima miaka ya kufundishwa lugha bure ndani ya shule. Mtu akikuambia kwamba mwanao mwenye miaka 18 amekuwa mkubwa mno kwa shule, uliza kikomo cha umri katika jimbo lako, kwani katika majimbo mengi kijana huruhusiwa kusoma hadi karibu miaka 21.

Aliyekwisha kuvuka umri huo bado ana pa kwenda katika baadhi ya majimbo. Huko Indianapolis, shirika la Goodwill lilianzisha mwaka 2010 shule za mkataba za watu wazima ziitwazo Excel Center, ambazo hutoa diploma kamili na zina huduma ya kulea watoto wakati mzazi yuko darasani. Mfano huo umeenea hadi majimbo mengine. Shule nyingine huunganisha sekondari na kozi za chuo au mafunzo ya ufundi, na hizo humfaa kijana ambaye Kiingereza chake kimeshakomaa. Kuhusu shule za mtandaoni nashauri uangalifu mkubwa: utafiti wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wanafunzi wa shule za mkataba za mtandaoni walibaki nyuma sana, hususan katika hisabati. Mgeni wa lugha anahitaji mwalimu aliye mbele yake.

Ukishapata shule mbili au tatu, zitembelee pamoja na kijana mwenyewe. Omba mkalimani mapema, wala usimfanye mwanao akutafsirie mambo yanayomhusu yeye. Uliza ni nani anayefundisha Kiingereza kwa wageni na kwa saa ngapi kila siku, ni wanafunzi wangapi waliohitimu mwaka uliopita, na kama kuna usafiri, maana si kila shule ya mkataba ina basi. Huna sababu ya kuogopa suala la hati za uhamiaji, kwa kuwa tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo.

Maombi yakizidi nafasi, kwa kawaida wanafunzi huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, hivyo peleka maombi mapema na katika shule zaidi ya moja, huku kijana akiendelea kuhudhuria shule aliyopo ili asipoteze krediti. Akishapokelewa, mwone mshauri wa masomo kila muhula unapokwisha, ukiwa na ile karatasi ya krediti mkononi, na mhesabu pamoja zilizoongezeka.