Kabla ya kumwona daktari wa mifupa: ufa wa mfupa kwa mtoto na dawa anazotumia

Mtoto anayecheza sana anaweza kupata ufa mwembamba wa mfupa bila kuanguka wala kugongwa. Mfupa hujikarabati mtoto anapopumzika. Mazoezi yakimzidi, ufa hutokea, mara nyingi kwenye muundi au mifupa ya unyayo. Eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo huenda isioneshe kitu. Ndiyo maana maelezo ya mzazi yana uzito mkubwa, na inafaa yaandaliwe mapema.

Mwombe mtoto akuoneshe kwa kidole kimoja panapouma. Anayeshtuka ukibonyeza sehemu ndogo tu juu ya mfupa ana hadithi tofauti na anayepapasa msuli mzima. Andika maumivu yalianza lini, na kama sasa yanaanza mapema zaidi kila anapokimbia. Andika pia kama mazoezi yaliongezwa ghafla au alibadilishiwa viatu au uwanja. Dawa za maumivu zisitumike ili amalizie mechi. Zinaficha ishara ambayo mfupa unaitoa.

Jambo ninaloona wazazi wengi hulisahau ni dawa. Beba pakiti na chupa zenyewe, kwa sababu daktari anahitaji kujua kipimo na muda, na jina peke yake halimtoshi. Za kwanza kutajwa ni steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini) za kumeza kama prednisoloni: zikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha mfupa, na hatari huanza kupanda ndani ya miezi michache ya mwanzo. Steroidi ya kuvuta kwa ajili ya pumu kwa kawaida ina athari ndogo zaidi, ila itaje. Zipo pia dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, ambazo huharakisha mwili kuvunja vitamini D. Tenofovia, inayotumika katika matibabu ya VVU, inaweza kupunguza madini ya mfupa. Kwa binti, sindano ya kuzuia mimba ya kila miezi 3 nayo itajwe: mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo kali kuhusu kupungua kwa madini ya mfupa. Huenda asipende kuisema mbele yako, basi mpe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake. Hedhi iliyokatika kwa miezi 3 au zaidi isemwe vilevile, pamoja na kama anajinyima kula.

Tafadhali, usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Steroidi ikikatwa ghafla inaweza kumwangusha mtoto vibaya, kwani mwili wake huwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, na dawa ya kifafa ikiachwa degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Uliza badala yake: je, kipimo kinaweza kupunguzwa, ipo dawa nyingine, apimwe vitamini D? Kwa umri wa miaka 9 hadi 18 mahitaji ya kalsiamu ni takribani miligramu 1,300 kwa siku, kwa hiyo eleza pia anakula nini.

Wakati wa kusubiri, asimamishe kukimbia na kuruka. Maumivu ya kinena au nyonga anapokanyaga, maumivu yanayomwamsha usiku, homa, uvimbe unaokua au kupungua uzito havingoji tarehe ya miadi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.