Maji yenye oili gerejini Changamwe: punguza gharama

Kinachokula pesa katika kuyasafisha ni wingi wa maji, si oili. Basi anza na paa: mvua ya masika ipite mfereji wake, isiingie kwenye shimo la kutenganisha oili na maji.

Shimo liwe na vyumba vitatu. Cha kwanza hushika tope, cha pili oili huelea, cha tatu hutoa maji. Kati ya chumba na chumba weka bomba la inchi 4 lenye elbo (kona ya bomba) inayotazama chini, mdomo umezama majini; ukibaki juu, oili yote hupita. Engua oili inayoelea kwa kata kila wiki.

Sabuni ya unga ndiyo adui mkubwa: huichanganya oili na maji yakawa kama maziwa, isielee tena. Pangusa sakafu kwa maranda kwanza. Oili na maranda hayo achukue msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya; risiti ihifadhi.