Jinsi ya kuutetea wimbo wa Queen usiopewa haki yake

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, kwa hiyo ukianzisha mazungumzo ya Queen barazani kwetu kila mtu ana la kusema. Ubishi wa wimbo gani wa Queen haujapewa haki yake naupenda sana. Ninachotaka ni ubishane vizuri, mpaka mwenzako aende nyumbani akausikilize wimbo ambao hajawahi kuujali.

Anzeni kwa kuweka mpaka. Sisi tumekubaliana hivi: wimbo wowote uliomo kwenye Greatest Hits, mkusanyiko wa nyimbo zao zilizovuma, ya mwaka 1981, au ile ya pili ya 1991, hauingii. Atakuja mtu na Somebody to Love, na ni wimbo mkubwa kweli, lakini umeshapata haki yake. Mwambie atafute mwingine. Mpaka huo ukishawekwa, watu wanalazimika kurudi kwenye albamu zenyewe, na huko ndiko kwenye utamu.

Ukishachagua wimbo, usiseme tu kwamba ni mkali. Sema koo linafanya nini, na linafanya wapi. Chukua Cool Cat, kutoka Hot Space ya 1982, albamu ambayo mashabiki wengi wa roki waliitupa kwa sababu ya midundo yake ya disko. Freddie anauimba kwa ile sauti nyembamba ya juu, laini, bila kupiga kelele hata kidogo, juu ya besi ya John Deacon aliyeutunga pamoja naye. Halafu papo hapo weka It's Late ya 1977, sikiliza anavyoikwaruza sauti kuelekea mwisho. Anayedai Freddie alikuwa hodari wa kupaza sauti tu, mjibu kwa nyimbo hizo mbili, moja baada ya nyingine.

Jifunze kutenganisha sauti, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Si kila noti ya juu kwenye Queen ni ya Freddie. Zile kali kabisa kwenye viitikio mara nyingi ni za Roger Taylor, mpiga ngoma. Brian May, mpiga gitaa, naye anaimba, na '39 ni yake kuanzia mwanzo. I'm in Love with My Car anaiimba Taylor. Ukimsifu Freddie kwa noti ya Taylor, hoja yako imekwisha kabla hujamaliza kuinywa kahawa.

Kuhusu sauti ya Freddie yenyewe, kuna jambo la kuegemea. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Christian Herbst walichapisha uchambuzi wa rekodi zake. Waliona kwamba alipozungumza sauti yake ilikuwa nzito ya kiume, ya kati, ingawa tunamjua kwa kuimba juu. Pia mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa haraka, kama mara 7 kwa sekunde, na haukuwa sawasawa kama wa waimbaji wa opera. Usiishie kuzitaja hizo namba. Tafuta noti ndefu, nyamaza, sikiliza inavyotikisika.

The Prophet's Song, utunzi wa Brian May kwenye A Night at the Opera ya 1975, usiupige kwenye spika ya simu. Ni wa zaidi ya dakika 8, na katikati ala zote zinanyamaza. Anabaki Freddie peke yake, anaimba kipande, kipande kinarudi kwa mashine huku yeye anaendelea na kingine juu yake, hadi mtu mmoja anakuwa kundi zima linalopokezana. Mpe mwenzako spika za masikioni, na umwache mpaka ala zirudi. Mimi hapo huwa sisemi kitu.

Mustapha, unaofungua Jazz ya 1978, utaletwa na mtu barazani kwetu bila kukosa. Ni chaguo zuri. Ile sauti ya mwanzo, bila ala, inamfanya mtu ageuke. Lakini usikubali hoja kwamba kwa kuwa mna salamu na majina ya Kiislamu, basi wimbo umetoka Zanzibar. Familia ya Freddie ilikuwa ya Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta na si Waislamu, shule alisoma India, na maneno mengi ya wimbo huo hayana maana katika lugha yoyote. Utetee kwa sauti yake, unatosha.

Zamu yangu ikifika, naweka The March of the Black Queen, kutoka Queen II ya 1974. Kabla haijafika katikati, Freddie ameshanong'ona, amefoka, amebembeleza, na piano yake mwenyewe inamfuata kila anapogeuka. Yote hayo yapo kwenye rekodi mwaka mzima kabla ya Bohemian Rhapsody, wimbo wao maarufu kuliko yote, na anayebisha nampigia tena kuanzia mwanzo.