Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Ualimu

Mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara anapofikia kuwaza kuacha kazi, mara nyingi uchovu umekwisha kumkaa muda mrefu, na uchovu si mshauri mzuri. Mwongozo huu unamhusu yeye, hasa yule ambaye bado ana umri wa kuanza upya lakini tayari ana cha kupoteza. Ninachomsihi ni kwamba, kabla ya kuuliza aende wapi, ajue kwanza anachokimbia, kwa sababu mengi yanayowachosha walimu yanatokana na kituo cha kazi au madeni, na hayo yana dawa nyingine.

Chukua daftari, na kwa mwezi mmoja wa masomo, usiwe wa likizo, andika kila jioni kilichokuumiza siku hiyo na kilichokufurahisha. Mwisho wa mwezi yapange uliyoyaandika. Umbali wa kutoka nyumbani, kukosa nyumba ya kuishi, kutoelewana na mkuu wa shule, kuishi mkoa tofauti na mwenza wako, haya ni ya kituo. Hata wingi wa wanafunzi, ambao shule nyingi zimeuona tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, haulingani kila mahali. Ikiwa kurasa nyingi zinazungumzia mambo ya aina hii, omba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, au tafuta mwalimu wa kubadilishana naye kituo, kisha upime tena baada ya mwaka. Lakini kama hata kipindi kilichokwenda vizuri, ambacho kengele imelia wanafunzi wakiwa bado wananyoosha mikono kuuliza, hakikuachii chochote moyoni, na hali ni hiyo wiki hadi wiki, basi tatizo liko katika kazi yenyewe. Kulikubali hilo hakukufanyi kuwa mtu mbaya, na hata watoto wanastahili mwalimu anayetaka kuwa pale.

Baada ya hapo shika hati yako ya mshahara na uisome mstari kwa mstari, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 1,000,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ikiwa ulisoma kwa mkopo, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, na chama cha walimu asilimia 2: jumla ni shilingi 250,000 kabla ya kodi na kabla ya mkopo wa benki. Ukiona kinachobaki ni rahisi kusema kwamba biashara yoyote italipa zaidi. Hata hivyo, kuna fedha ambazo huzioni zikiingia mkononi: mwajiri anakuchangia asilimia 15 PSSSF na asilimia 3 NHIF, yaani shilingi 180,000 nyingine kila mwezi, na bima hiyo inamtibu mwenza wako na wategemezi wako. Kwa hiyo kazi mpya ipimwe kwa yote hayo, na ipimwe kwa mwaka mzima, miezi mibaya ikiwamo. Kuhusu uzeeni, mafao ya pensheni yanahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, na mwenye miaka 13 kazini hana budi kujiuliza kama hawezi kuvumilia miwili iliyobaki. Kama unahamia sekta binafsi utachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta hiyo, hivyo nenda ofisi ya PSSSF na uombe maelezo ya maandishi kuhusu namna vipindi vyako viwili vitakavyohesabiwa. Usitegemee fao la kukosa ajira, maana halikuwekwa kwa ajili ya anayeacha kazi kwa hiari yake.

Madeni yanahitaji ukweli wa pekee. Mwalimu mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na juu yake mikopo ya kausha damu, mara nyingi huichukia kazi kwa sababu fedha zimekwisha kuondoka kabla hajazigusa. Mtu huyu akiacha kazi, deni linabaki lakini mshahara wa kulilipa unaondoka. Namshauri amalize kwanza ile mikopo midogo yenye riba kali, asiongeze mkopo wa benki kwa kisingizio cha mtaji, kisha ndipo aulize tena kama bado anataka kuondoka. Wapo watakaogundua kwamba jibu limebadilika.

Wengi hudhani kuna njia mbili tu, kubaki darasani au kuandika barua. Mwalimu aliyejiendeleza kimasomo anaweza kuomba kubadilishwa kada, yaani aina ya kazi, akiwa ndani ya utumishi, na zipo kazi zinazotumia uzoefu wa darasani bila kukuweka darasani siku nzima, kama uthibiti ubora wa shule au ukuzaji mitaala. Ukiomba nafasi ya kada nyingine inayotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, barua yako inapaswa kupita kwa mwajiri wako. Nenda ofisi ya utumishi ya halmashauri uulize utaratibu kabla ya kuanza kusomea shahada mpya, si baada ya kuhitimu.

Kama kazi unayoitaka iko nje ya serikali, itumie likizo ya Juni na ya Desemba kuijaribu kwa vitendo: kaa dukani, lima, fanya kazi bila malipo kwa mtu anayeijua. Mweleze mwenza wako mapema na mkubaliane ni akiba ya miezi mingapi itakayowatunza; mimi naona sita ni kiwango cha chini kwa mwenye watoto.

Ukishaamua, ondoka kwa barua. Kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa siku tano ni kosa la utoro linaloweza kukufukuzisha kazi, na mshahara unaoingia baada ya wewe kuondoka ni deni la serikali juu yako. Soma masharti ya notisi katika barua yako ya ajira, pitisha barua ya kuacha kazi kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na subiri kujibiwa kwa maandishi. Kama una darasa la mtihani, jitahidi tarehe yako iangukie baada ya mtihani wa taifa. Kabidhi vitabu, alama za wanafunzi na azimio la kazi kwa sahihi, ubaki na nakala, pamoja na nakala za barua zote za ajira, kuthibitishwa kazini na kupandishwa daraja, kwa kuwa ndizo utakazoulizwa siku ya kudai mafao.