Kabla Hamjaingiza Akili Mnemba Ofisini

Mengine mnayajua, nitayapita haraka. Andikeni ukurasa mmoja tu: nani anaruhusiwa kutumia akili mnemba, yaani programu za kuandika na kujibu kama ChatGPT, na kwa kazi gani. Mishahara, orodha ya wateja na namba za vitambulisho haviingizwi kwenye programu ya bure. Mwaka 2023 Samsung waliwapiga marufuku wafanyakazi wao kutumia programu hizo, baada ya baadhi yao kubandika misimbo ya siri ya programu za kampuni kwenye ChatGPT. Kila kinachoandikwa na mashine kisomwe na mtu kabla hakijatoka. Mwaka huohuo mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na programu.

Sasa hili nisikilizeni vizuri: akaunti imefunguliwa kwa jina la nani?

Kuna ofisi moja ya mikopo midogo ilikuwa na kijana wa kompyuta, wa mkataba. Akawawekea programu ya kujibu wateja WhatsApp. Aliifungua kwa barua pepe yake, akailipia kwa kadi yake, hela anarudishiwa kwa vocha. Mteja anauliza saa tano usiku, anajibiwa papo hapo, bosi akafurahi. Mkataba ukaisha, kijana akaagwa kwa keki na soda. Baadaye bodi ikafuta zile siku saba za msamaha kwa anayechelewesha rejesho, tangazo likabandikwa ubaoni. Programu haisomi ubao. Ikaendelea kuwaambia watu, kwa adabu zote, kwamba bado wana siku saba.

Wateja wakaanza kuja dirishani, simu mkononi, ujumbe una nembo ya ofisi. Mama mmoja wa genge alimwonyesha karani simu yake bila kusema neno. Meneja akaamuru izimwe. Izimwe na nani? Neno la siri hakuna alijuaye, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya kijana, na kijana hapokei. Faini za waliochelewa zote zikafutwa.

Na msitegemee kusema "ni mashine hiyo." Shirika la ndege la Air Canada walijaribu utetezi huo Kanada, kwamba programu yao inajibu kwa niaba yake yenyewe. Mwaka 2024 baraza la kuamua migogoro la jimbo la British Columbia likawaamuru wamlipe abiria aliyepotoshwa kuhusu nafuu ya nauli ya msiba.

Kwa hiyo: barua pepe ya ofisi, laini ya ofisi, na watu wawili wenye neno la siri, mmoja wao asiwe fundi. Kanuni ikibadilika, mtu anayejulikana kwa jina abadilishe majibu siku hiyohiyo. Jaribuni kuizima walau mara moja kabla wateja hawajaanza kuitumia. Mkopo usikataliwe na mashine peke yake. Sheria za taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zimegusa jambo hilo. Someni mkataba wa muuzaji hadi ukurasa wa mwisho, ulizeni taarifa zinahifadhiwa wapi, na msimu wa likizo pangeni kabisa nani anaiangalia.