Ukinunua bunduki ya .22 ya mtumba, mulika chemba kwanza

Mlioko Marekani mnaotafuta .22 ya bei poa ya kulengea shabaha, kabla hujatoa hela fungua boliti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), hakikisha haina risasi kabisa, alafu mulika tochi ya simu kwenye chemba, pale risasi inapoingilia, uangalie ukingo kama una kidonda kidogo. Risasi ya .22 inapigwa pembeni ya kitako sio katikati, kwahiyo bunduki ikifyatuliwa tupu mara nyingi pini inayopiga risasi inagonga chuma cha ukingo huo, kinabonyea na maganda yanaanza kukwama. Ukikiona omba punguzo la maana au achana nayo, fundi atakula hela zako. Kwa bunduki aina ya Ruger 10/22 lakini ukaguzi huu hausaidii, pini yake imetengenezwa isifike kwenye chuma, hiyo kagua mdomo wa mtutu, ufito wa kusafishia ukipitishwa kizembe kwa mbele unaukwangua na shabaha inayumba.