Kusoma Biblia Nzima kwa Mwaka Mmoja
Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo anayesoma sura tatu kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na tano siku ya Jumapili, ataimaliza ndani ya mwaka. Chagua saa yenye desturi tayari, kwa mfano mara baada ya chai ya asubuhi, na Biblia ibaki mezani ikiwa na utepe kwenye ukurasa wa kesho.

Wengi hukwama katika Mambo ya Walawi, kwenye sheria za sadaka na za ukoma. Hapo ni afadhali kusoma kwa sauti, au kuchanganya sura mbili za Agano la Kale na moja ya Injili, kuliko kujilazimisha kimyakimya. Zaburi ya 119, yenye mistari 176, ipewe siku yake. Ukikosa siku, soma sehemu ya leo kwanza. Kiporo kisubiri Jumamosi jioni.